Vazi la Bibi Salme Likitazamwa Kutoka Mlimba

Kabla ya simu ya mkononi kumfanya kila mtu mpiga picha, studio za picha katika miji midogo ya Tanzania zilikuwa na vitu viwili ambavyo havikukosekana: pazia lililochorwa na koti la kuazima. Mkulima wa mpunga aliyeingia mjini, iwe Ifakara au Mlimba, alijipangusa vumbi la njiani, akavikwa koti lile, akasimamishwa mbele ya bustani ya rangi ambayo hakuna aliyewahi kuitembelea, akapigwa picha. Ilipofika nyumbani, picha hiyo haikumdanganya mtu. Mkewe alijua kwamba koti si lake. Majirani walijua kwamba koti hilo hilo limo katika picha ya shemeji yao. Hata hivyo ilitundikwa ukutani kwa heshima, kwa kuwa kila aliyeitazama alifahamu inachosema: hivi ndivyo mwenzetu alivyopenda aonekane.

Huo ni ujuzi wa kusoma, ingawa haufundishwi shuleni. Aliye nao hutofautisha mtu na vazi, na baada ya kutofautisha huuliza nani amelileta vazi, nani amesimama nyuma ya kamera, na nani ameachwa nje ya pazia. Ujuzi huo umekosekana kwa muda mrefu katika usomaji wa picha iliyo mashuhuri pengine kuliko zote za mwanamke wa Kizanzibari wa karne ya 19. Ni ile ya Bibi Salme binti Said, iliyopigwa katika studio ya H. F. Plate mjini Hamburg yapata mwaka 1868. Imewekwa katika vitabu, imechapwa kwenye kadi za posta, inauzwa kwa watalii. Wanaoitazama husema: huyu ndiye binti mfalme wa Unguja. Kauli hiyo ni sahihi kwa jina na nasaba. Kwa yote mengine inahitaji kuchunguzwa upya.

Habari za maisha yake zinajulikana na wasomaji wa visiwani, kwa hiyo muhtasari utatosha. Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, kalamu hiyo ilitumika katika njama ya ndugu yake Barghash dhidi ya ndugu yao Majid. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Tarehe 30 Mei 1867 huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1870, mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anaiokota. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888.

Sasa picha na itazamwe. Suruali yenye marinda miguuni ni ya kwao. Kanzu ni ya kwao, na vivyo hivyo kitambaa cha kichwani na vito. Kila kipande kikichukuliwa peke yake hakina kasoro, na bibi yeyote wa Mji Mkongwe wa zama zile angekitambua. Lakini uso uko wazi, na hapo ndipo picha inapojitoa siri. Mwanamke wa daraja lake Unguja hakuonekana na mwanamume asiyekuwa maharimu wake bila barakoa na mtandio. Bwana Plate hakuwa maharimu. Picha hii isingeweza kupigwa Unguja bila fitina ya nyumba nzima. Mavazi ni ya Mtoni. Jicho linaloyatazama ni la Hamburg. Aliyesimama ndani ya mavazi hayo ni Bi Emily Ruete, mke wa mfanyabiashara, Mkristo aliyebatizwa, ambaye amefungua sanduku lake na kuyavaa maisha yake ya zamani kwa muda wa pozi moja.

Kwa maneno mengine, binti mfalme halisi amevaa mavazi ya binti mfalme kama vazi la kuigiza. Huo ndio uzito wa picha hii, na ndio ufunguo wa kitabu chake.

Ulaya ya wakati ule ilikuwa na mahali maalumu pa mavazi ya namna hiyo. Makabaila wa enzi ya Malkia Victoria walipenda dansi la mavazi ya kuigiza, ambamo kila mgeni alikuja akiwa mtu mwingine: mfalme wa kale, malaika, shujaa wa hadithi. Lililovuma kuliko yote lilifanyika London tarehe 2 Julai 1897, katika jumba la Devonshire, kusherehekea miaka 60 ya Victoria katika ufalme. Mwenye nyumba, mke wa mtemi wa Devonshire, alivaa kama Zenobia, malkia wa Palmyra, yule ambaye Waarabu humwita az-Zabbaa. Vazi lake lilishonwa na nyumba ya Worth ya Paris, na limehifadhiwa katika kasri la Chatsworth hadi leo. Daisy, binti wa Kiingereza aliyeolewa katika ukoo wa Pless wa Ujerumani, alikuja akiwa Malkia wa Sabaa, ambaye wasomaji wa pwani wanamjua kwa jina la Bilkisi. Wapiga picha wa Lafayette walikuwa tayari bustanini, na wageni wakasimama mbele ya kamera mmoja baada ya mwingine.

Mke huyo wa mtemi wa Devonshire hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alikuwa Mjerumani, binti wa ukoo wa von Alten wa Hanover. Mjerumani wa kuzaliwa akivaa umalkia wa Kiarabu kwa usiku mmoja alishangiliwa na London nzima. Mwarabu wa kuzaliwa aliyelazimika kuvaa Ujerumani mchana na usiku hakushangiliwa na mtu. Usiku ule wa Julai, Bibi Salme alikuwa akiishi Beirut, katika Shamu ile ile ambayo Zenobia aliitawala, akiwa mjane wa miaka 52 asiye na mirathi wala makao ya kudumu. Na miezi mitatu tu kabla ya dansi hilo, tarehe 6 Aprili 1897, huko Unguja, Sultani Hamoud bin Mohammed alikuwa ametia saini amri iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, chini ya shinikizo la serikali ile ile ambayo vigogo wake walicheza kwenye ukumbi wa Devonshire.

Tofauti baina ya mavazi hayo mawili iko katika mlango wa kutokea. Bibi wa Devonshire alipovua dhahabu ya Zenobia asubuhi, alibaki na kila alichokuwa nacho jana yake. Mchezo wake haukuwa na gharama ila fedha. Salme alipoivua kanzu yake katika studio ya Plate, hakuwa na Mtoni ya kurejea. Mmoja aliazima nafsi ya mwingine kwa ajili ya tafrija. Mwingine aliazimwa nafsi yake mwenyewe, akapewa kwa kipimo, pale tu ilipowapendeza watazamaji.

Kwa mwanga huo, kitabu cha 1886 kinasomeka vingine. Wahakiki wamekisifu kwa kuwa ni kazi ya awali ya mwanamke wa Kiarabu aliyejieleza mwenyewe, na sifa hiyo ni ya haki. Wanahistoria wamechota humo habari za nyumba za kifalme, vyakula, maradhi, harusi na sikukuu, na wamefanya vyema. Lakini ni wachache waliokitazama kama picha ya studio. Mwandishi amesimama mbele ya wasomaji wa Berlin na Hamburg, akijua wamekuja kutazama nini: wamekuja kutazama harimu. Anawapa harimu, kisha anawakemea kwa jinsi walivyoidhania. Anawaambia kwamba mwanamke wa Mashariki si mfungwa kama wanavyodhani, kwamba haraka na baridi ya Ulaya ni utumwa wa aina yake, kwamba elimu yao haikuwazidishia furaha. Katika kurasa hizo kalamu yake ni kali na ina haki. Hakuna mtu wa pwani atakayezisoma asifurahi.

Sura ya mavazi ya wanawake ni mfano mzuri wa nguvu na udhaifu wa kitabu. Mwandishi anayapanga mavazi kipande kwa kipande, pamoja na barakoa, vito na manukato. Ufasaha wake hauna shaka. Hata hivyo msomaji wa mashairi ya Kiswahili atahisi pengo, hasa akiufikiria Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi huo mwaka 1858, wakati Salme alikuwa msichana wa miaka 14 Unguja. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana na Sayyid Said, baba yake Salme, kwa miaka mingi. Katika utendi huo pambo na manukato vina mahali pake ndani ya nyumba, baina ya mke na mume, na msikilizaji wake wa kwanza ni binti. Hakuna kinachoelezwa kwa mgeni, kwa maana hakuna mgeni chumbani. Kwa Salme kila kitu kinaelezwa, kwa sababu chumba kimejaa wageni. Mama wa Siyu anausia. Binti wa Mtoni anaonyesha. Wote wawili wanazungumzia mavazi, ila mmoja anayakabidhi na mwingine anayaaga.

Isisahauliwe, hata hivyo, kwamba naye Salme alianza kama mama. Katika utangulizi wake anasema kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, miaka tisa kabla ya kitabu kutoka. Antonie, Rudolph na Rosalie walikulia Ujerumani bila ya kumjua babu, mjomba wala shangazi wa upande wa mama. Mama aliyenyimwa mirathi alitaka kuwarithisha watoto japo hadithi. Kwa kiasi fulani alifaulu: Rudolph, aliyejiita Said-Ruete, alichapisha London mwaka 1929 kitabu juu ya babu yake, Said bin Sultan. Kwa hiyo kitabu cha mama kilikuwa pia nguo ya kuwavisha watoto ukoo. Nguo ya namna hiyo haishonwi kwa kutaja madoa. Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuwa na huruma, na hapo ndipo usipopaswa kunyamaza.

Doa lenyewe ni sura ya utumwa. Salme anautetea. Anawalaumu Waingereza kwa pupa ya kuukomesha, anawaita watu weusi wavivu, na anauelezea utumwa wa nyumbani kana kwamba ni tawi la familia. Kauli hizo ndizo zilizoufanya mji wa Hamburg ubadili nia: uwanja mmoja mdogo uliopewa jina la Emily Ruete mwaka 2019 ulikuja kuvuliwa jina hilo baadaye, kwa sababu ya hayo aliyoyaandika. Visiwani jambo hilo limepokewa na wengine kama tusi. Tusi lisitafutwe pale. Lililo la kushangaza zaidi limo ndani ya kitabu chenyewe, katika ukurasa wa mama yake.

Jilfidan aliibwa angali mtoto, akatenganishwa na ndugu zake, akauzwa. Salme anasimulia hayo kwa uchungu wa kweli. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, na wote walizaliwa na masuria. Mke wake wa ndoa, Bibi Azze binti Sef, hakuwa na mtoto. Maana yake ni kwamba ukoo mzima wa kifalme, pamoja na mwandishi mwenyewe, ulitoka katika matumbo ya wanawake walionunuliwa. Binti wa mwanamke aliyenunuliwa ameandika utetezi wa ununuzi. Angewezaje? Kitabu hakijibu, lakini vazi linajibu. Utumwa wa mama ulivikwa hariri, ukapewa jina la usuria, ukawekwa ndani. Utumwa wa shamba la karafuu ulibaki uchi. Salme aliyafunzwa macho yake kusoma hariri, na kwa hivyo hakuona kwamba ni mwili mmoja.

Hapa ndipo inapofaa kuhamisha kiti cha msomaji. Kwa desturi kitabu hiki kinasomwa Forodhani, mbele ya bahari, ambako majumba yanayotajwa yako karibu. Kikisomwa Mlimba, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, kinasema mengine. Kutoka huko bahari haionekani. Inayoonekana ni mito ya Ruhudji, Mnyera na Mpanga ikishuka kuulisha Kilombero, ambao nao huingia Rufiji na kufika pwani. Ramani za zamani ziliuita Ulanga. Ni nchi ya mpunga, mafuriko na mitumbwi ya Wandamba, na zamani ilikuwa nchi ya tembo. Utajiri wa nyumba ya Sayyid Said ulitoka katika karafuu, ushuru wa forodha, pembe na watu, na vitu viwili vya mwisho vilishuka kutoka bara, vingi vyao kwa njia za Kilwa na za nyuma ya Kilwa. Vilivyopanda kwa malipo vilikuwa nguo: merikani nyeupe iliyofumwa Marekani na kaniki iliyotiwa nili. Nguo ilikuwa fedha. Mtu wa bara aliijua Unguja kwanza kama kipimo cha kitambaa.

Kwa hiyo kati ya hariri ya Mtoni na kaniki ya bara kulikuwa na hesabu moja, na kitabu cha Salme kimetunza upande mmoja tu wa daftari. Watu weusi wamejaa katika kurasa zake: wanabeba, wanapika, wanalea, wanapiga makasia. Wengi wao hawana majina, na nchi walizotoka hazina mito wala milima. Msomaji wa Mlimba akitafuta bonde lake humo hatalipata. Atapata mikono iliyotoka katika mabonde. Hilo si kosa la kukosa maarifa ya jiografia. Ni sheria ya picha ya studio: pazia limechorwa bustani ili ukuta usionekane.

Bonde la Kilombero lenyewe lilipata kumwona kabaila wa Kizungu akija na vazi la kuazima. Mwisho wa mwaka 1884 Carl Peters, Karl Jühlke na Joachim Graf von Pfeil walifika Unguja wakiwa wamejigeuza mafundi wa kawaida, ili azma yao ya kutafuta ardhi isijulikane. Pfeil alikuwa wa ukoo wa kabaila wa Silesia. Wakavuka kwenda bara, na katikati ya miaka ya 1880 ni yeye aliyeupeleleza mto Ulanga na bonde lake. Mwaka 1885 meli za kivita za Ujerumani zilitia nanga Unguja kumshinikiza Sayyid Barghash, na Bibi Salme na watoto wake wakaletwa kwa meli ya Adler ili dai lake la mirathi liwe kisingizio. Kabaila mmoja alivaa ufundi ili aipate nchi. Mwingine alivishwa ukabaila wake wa zamani ili wengine waipate. Barghash alikataa kumwona. Bismarck alipokwisha kuridhika, hakumhitaji tena. Vazi lilirudishwa sandukuni, na aliyelivaa akarudishwa Berlin.

Mahali pekee ambapo Salme anaonekana bila vazi ni katika maandishi ambayo hakuyachapisha. Hayo ni barua zake za kwenda nyumbani, zilizoandikwa kwa Kijerumani kama maneno kwa rafiki aliyebaki Unguja, ambazo zilihifadhiwa Leiden na kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993 katika juzuu iliyohaririwa na E. van Donzel. Humo hakuna maonyesho ya harimu. Kuna baridi, lugha ngeni, macho ya watu wa Hamburg, kifo cha mume, na sheria iliyowapa wasimamizi mamlaka juu ya mali ya watoto wake kana kwamba mama hayupo. Mavazi ya Ulaya si pambo tena, ni jambo la kustahimiliwa. Imani mpya nayo ni vazi lililovaliwa kwa haraka, na moyo unauliza iwapo limemkaa. Katika kitabu cha 1886 binti mfalme anawaeleza Wazungu juu ya Unguja. Katika barua, mwanamke mhitaji anajieleza mwenyewe kwa Unguja, na Unguja haijibu.

Kwa mizani ya fasihi barua zinazidi. Kumbukumbu zina upana. Barua zina kina. Kumbukumbu zina mamia ya vitu. Barua zina mtu. Ni bahati mbaya kwamba zinazotajwa na kunukuliwa zaidi ni zile za kwanza, na kwamba picha inayouzwa ni ya vazi. Laiti wasomaji wa Kiswahili wangeanza na barua, wangeyakuta maombolezo yaliyo jirani na mashairi yao wenyewe kuliko kitabu chochote cha safari.

Na ukitajwa ujirani na mashairi, kipo kipimo kilicho kikali zaidi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir nayo ni kazi ya mtu wa nasaba anayetazama majumba ya wakubwa yaliyoporomoka, huko Pate. Mshairi anauhoji moyo wake mwenyewe: wako wapi waliokuwa hapa, na wewe unangoja nini? Fahari inaelezwa kwa uzuri wote ili ihukumiwe. Salme naye ameshuhudia magofu. Aliporudi mwaka 1885 aliikuta Mtoni imechakaa, na kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo bora za kitabu chake. Lakini analia tu, hahoji. Fahari kwake ni kitu kilichopotea, si kitu chenye hesabu ya kulipwa. Huenda hukumu hiyo ni nzito kwa mwanamke aliyekwisha kuhukumiwa na wote. Lakini ndiyo tofauti iliyopo kati ya ombolezo na inkishafi, na fasihi ya pwani imezijua zote mbili tangu zamani.

Mlimba pia ina kipimo chake. Bonde lile halikukosa ukoo wa utawala. Mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walichapisha London kitabu juu ya Wabena wa bondeni, nacho kina sura moja iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena hao. Naye, kama Salme, alisema kutoka ndani ya kitabu cha Wazungu, chini ya jalada lisilo lake, katika nafasi aliyopimiwa. Binti wa Sultani na mtema wa bondeni hawakujuana. Alipochapisha mtema, Salme alikuwa amekwisha kufa miaka 11 nyuma. Lakini wamekutana katika hali moja ya uandishi: mwenye nasaba akilivaa koti la studio ili habari za kwao zifike mahali. Pwani na bara, ambazo zimezoea kuoneana mbali, zinafanana hapo kuliko zinavyopenda kukiri.

Bibi Salme alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, na majivu yake yalizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza. Mchanga ule ndio kitu chake cha kwao ambacho hakikuvaliwa mbele ya mtu.

Hakuna haja ya kuishusha picha ukutani. Mkulima wa Mlimba hakushusha yake. Kinachotakiwa ni kuisoma kwa akili ile ile aliyokuwa nayo mkewe: kulipenda koti, kumpenda zaidi aliye ndani yake, kukumbuka kwamba koti lina mwenyewe, na kujua kwamba nje ya pazia kuna watu waliosubiri uani, ambao zamu yao ya kupigwa picha haikufika.